Kodi Iliyofunikwa Kawa

Kabla sijaandika neno juu ya nyumba iliyo mkabala na yangu, nayatenga mambo mafungu mawili. La kwanza ni yale niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu: sahani iliyokuwa ikiletwa barazani, maneno yaliyosemwa siku ya hitima, milango iliyong'olewa, na maswali niliyoulizwa chini ya kiapo. La pili ni yale niliyoambiwa: kiwanja kimeuzwa kwa nani, nani kamhonga nani, mrithi kasema nini alipokuwa Dar es Salaam. Fungu hili la pili nimelitupa. Mtaa wetu wa Ngamiani una watu wengi wanaoshiba kwa hilo, nami ladha yake sikuwahi kuipenda.

Tabia hii niliipata kazini. Kwa miaka mingi nilipima mvua kule Amani, mlimani. Kila asubuhi saa tatu nilikwenda kwenye chombo, nikapima maji yaliyomo, nikaandika. Mtu akinijia na kuniambia kwamba bondeni kumenyesha mno usiku kucha, nilimshukuru, kisha nikaandika kilichokuwamo chomboni. Nilipostaafu na kurudi Tanga mjini niliendelea kupima mvua uani kwangu, maana mtu aliyezoea kuandika kilichopo hawezi kuacha kwa kuwa tu halipwi tena.

Mwenye nyumba ile alikuwa rafiki yangu. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Yeye alikaa vyumba vya mbele. Vyumba viwili vya nyuma, vinavyofungukia uani, alikaa mwanamke wa Kipemba aliyekuja na mumewe wakiwa bado vijana. Mume alifariki, mwenye nyumba akasimamia mazishi yake, na mjane akabaki palepale akisuka mikeka na kupika vitumbua. Nilipohamia mtaani nilimkuta. Nimeishi mkabala naye miaka ishirini na sita.

Sasa niieleze sahani, kwa kuwa mambo yote yalitoka humo. Rafiki yangu aliona haya kuonekana akipokea fedha kutoka mkononi mwa mjane. Wala mjane hakutaka kumtia haya. Basi kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, baada ya sala, sisi wazee tukiwa tumeketi barazani, mama huyo alipita ukumbini na sahani ya vitumbua iliyofunikwa kawa, kile kifuniko cha ukili kilichochongoka, ambacho alikisuka mwenyewe. Aliinama, akaamkia, akaiweka mbele ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba alisema, "Ahsante, mama," akainuka, akaingia nayo chumbani ikiwa imefunikwa vilevile. Baada ya muda alirudi nayo ikiwa wazi, tukala.

Mtaa mzima ulijua kilichokuwa chini ya vitumbua. Naandika "ulijua" kwa kuwa ndivyo watu wasemavyo. Mimi nilijua vitumbua, kwa kuwa nilivila.

Niliwahi kumwambia rafiki yangu amwandikie stakabadhi. Akacheka mpaka akakohoa. "Nimwandikie stakabadhi ya vitumbua? Kwako kila kitu lazima kiwe na kipimo."

Nikamwambia na mama mwenyewe. Aliacha kusuka, akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Kaka, mtu kanizikia mume wangu. Leo nimwendee nimwambie nipe karatasi? Si atasema namwona mwizi?"

"Karatasi si tusi, mama. Ni karatasi."

"Huko kwenu mlimani," alinijibu, akaendelea kusuka.

Nilinyamaza. Kunyamaza kule ni katika mambo yanayonichukiza leo, na sidhani naweza kumlaumu mtu mwingine kwa hilo.

Rafiki yangu alifariki baada ya kuugua muda mfupi. Mwanawe mkubwa alikuja kutoka Dar es Salaam, akasimamia mazishi vizuri, sina la kumsema. Siku ya tatu tulisoma hitima. Wanaume tuliketi barazani na ukumbini. Wanawake walikuwa uani. Baada ya dua mwana alisimama, kama desturi inavyotaka, akatangaza kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze, warithi wamlipe, mzee wao asilale na deni. Kisha akageukia mlango wa uani, akauliza kwa sauti ya upole, "Na wewe, mama, uliyekaa naye humu siku zote, unamdai baba kitu?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni, kanga imemfunika hadi kwenye nyusi. Nilikuwa nimeketi hatua tatu kutoka kwake. Alijibu hivi, na sikuongeza wala kupunguza: "Simdai, mwanangu. Mimi nilikuwa mgeni wake tu. Kaniweka kwa hisani yake, Mungu amweke pema."

Watu waliitikia amina. Yalikuwa maneno mazuri. Mtu yeyote aliyelelewa pwani angesema hayohayo, kwa kuwa aliyewahi kutaja kodi, mkataba au haki mbele ya kaburi bichi mtaani petu hajulikani, na kama angejulikana, asingesalimiwa. Yale maneno yalikuwa adabu. Nilimwona mwana akiitikia amina pamoja na wengine. Nilidhani anaitikia dua.

Arubaini ilipopita alirudi, safari hii akiwa na mtu mwenye utepe wa kupimia. Mama alituma mtu kuniita. Nilipofika uani, yule mwenye utepe alikuwa akipima urefu wa jiko, na mwana amesimama kivulini mikono mfukoni.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Hakuna neno, ami. Nimemwambia mama kwamba warithi tumeamua kuuza. Nimempa siku saba ajipange."

"Siku saba," mama alisema. Alikuwa ameketi kwenye kibao cha mbuzi na hakuwa na nazi mkononi. "Nimekaa humu kabla wewe hujajua kuvaa suruali. Ukitoka shule ulikuwa unapita kwanza jikoni kwangu, ndipo uende kwa mama yako."

"Sikatai, mama. Lakini wewe mwenyewe ulisema mbele ya watu. Ulikuwa mgeni. Na mgeni siku mbili."

"Ya tatu mpe jembe," mama akamalizia. "Jembe nilishapewa, mwanangu. Nimelima mpaka mpini umeoza. Nionyeshe basi hilo shamba nililolivuna."

Yule mwenye utepe alicheka, kisha akakumbuka yuko upande gani akarudia kupima.

Nikamuuliza mwana kama mahakama imeshamteua kuwa msimamizi wa mirathi. Akasema hayo ni makaratasi, yatafuata. Nikamwambia kwamba kwa hiyo yeye, asiye na karatasi, anamfukuza mwenzake kwa kukosa karatasi. Akatabasamu tabasamu la mtu anayemvumilia mzee. "Ami, wewe na vipimo vyako. Uliyasikia maneno yake au hukuyasikia?"

"Niliyasikia."

"Basi."

Hapo ndipo nilipoanza kuhisi kinyaa, na hakijaniacha. Mwana yule hakuwa mjinga. Alikuwa amelelewa kwenye baraza ileile. Alijua tafsiri ya maneno ya hitima kama anavyojua jina lake. Aliyachukua maneno ya heshima aliyopewa baba yake, akayakunja, akayatia mfukoni, akayatoa siku alipoyahitaji. Wapwani husema funika kombe mwanaharamu apite. Kombe lilifunikwa miaka yote ile, na mwanaharamu hakupita, alikaa akangoja. Nasema kwa methali, si kwa nasaba, kwa kuwa baba yake namjua.

Sheria niliisoma mwenyewe, sikuiuliza barazani. Mtu anayekaa nyumbani mwa mwingine kwa kulipa kodi kila mwezi, hata kama hakuna mkataba wa maandishi, ni mpangaji wa mwezi hadi mwezi. Mwenye nyumba akitaka kuuvunja upangaji huo lazima atoe notisi isiyopungua mwezi, na hata notisi ikiisha hana ruhusa ya kumtoa kwa mabavu. Lazima apate amri ya chombo chenye mamlaka. Lakini aliyekaribishwa tu, bila kodi, hana upangaji wa kuvunjwa. Kwa hiyo swali lilikuwa moja: je, mama huyu alilipa kodi? Na jawabu lilikuwa limefunikwa kawa.

Msichana mmoja anayetoa msaada wa kisheria kwa wanawake alimwandikia mama barua ya kwenda baraza la kata. Kazi ya baraza hilo siku hizi ni kusuluhisha, wala halitoi hukumu, lakini ndipo pa kuanzia. Siku moja kabla ya kikao, muuza kahawa wa mtaani alikuja kwangu akiwa na furaha. Alisema amejitolea kuwa shahidi wa mama.

"Utasema nini?" nikamuuliza.

"Nitasema nimeona akitoa kodi. Noti kwa noti."

"Umeona?"

"Mzee, kila mtu anajua."

"Nimekuuliza kama umeona."

"Wewe mzee utamponza huyu mama kwa usafi wako," aliniambia, akaondoka na birika lake.

Kesho yake aliapa, akasema aliziona noti kwa miaka kumi na tano mfululizo. Mwana wa marehemu alimsikiliza kwa adabu, kisha akamuuliza swali moja: alihamia mtaani lini? Alihamia miaka minne iliyopita, na kila aliyekuwamo mle chumbani alijua. Mwenyekiti wa baraza alifuta alichokuwa ameandika. Nilimwona mama akifumba macho. Uongo ule ulikuwa wa kumsaidia, na ulimuumiza kuliko uongo wowote wa kumdhuru, kwa kuwa baada yake hata ukweli wake ulianza kunuka. Sijui ni kipi kilinichukiza zaidi siku ile, hila ya mrithi au wema wa mwongo. Usuluhishi ulishindikana, ikaandikwa hivyo, tukaambiwa twende baraza la ardhi na nyumba la wilaya.

Kabla tarehe haijapangwa, Jumatatu moja asubuhi nilisikia nyundo. Nilivuka barabara. Mafundi wawili walikuwa wamekwisha kung'oa mlango wa chumba cha kwanza cha mama na walikuwa wakiutoa wa pili pamoja na fremu yake. Mwana alikuwa barazani akizungumza kwenye simu. Mama alikuwa amesimama uani, ameukumbatia mtungi wa maji sijui kwa nini. Nikawauliza mafundi nani kawatuma. Mmoja akaelekeza kidole barazani bila kugeuka. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nyumba ya tatu kutoka pale. Alikuwa akinywa chai. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hilo ni suala la kifamilia.

"Si familia," nilimwambia. "Ndiyo maana anang'olewa milango."

Akaniambia niende polisi. Polisi wakaniambia niende baraza la wilaya. Niliporudi, milango ilikuwa imepakiwa kwenye guta na mama alikuwa akitundika mkeka kwenye uwazi wa chumba. Mkeka ulikuwa mzuri, wenye rangi nne, kazi ya wiki tatu. Aliupigilia misumari kwa jiwe.

"Ingia, kaka," aliniambia. "Bisha hodi kwanza."

Alikaa nyuma ya mikeka miwili miezi mitano, kwa kuwa shauri liliahirishwa mara kwa mara. Katika muda huo alikuja kwangu mara moja tu kuniomba jambo. Aliketi kwenye ukingo wa kiti, hakunywa chai niliyompa. Alisema hana shahidi mwingine wa rika langu aliye hai. Akasema, "Useme tu umeona, kaka. Mungu anajua nililipa."

"Mungu anajua. Mimi niliona sahani."

"Na vitumbua ulikula."

"Nilikula."

"Basi vilikuwa vitamu bure," alisema, akainuka.

Kwa siku tatu baada ya hapo sikulala vizuri mchana wala usiku. Nilikuwa nikitafuta katika kichwa changu jambo moja tu nililolishuhudia. Sikutafuta fununu wala kile kila mtu anachojua. Nikakumbuka mvua. Masika moja, miaka mingi nyuma, ukuta wa nyuma wa chumba cha mama ulianguka, na mimi nilikuwapo uani mwao asubuhi hiyo tukitazama tope. Rafiki yangu alimwambia mama, nami nikiwa nimesimama kati yao: "Mwezi huu usilete kodi. Siwezi kupokea kodi ya chumba kisicho na ukuta." Mama akasema ataleta vitumbua vitupu. Tulicheka sote watatu.

Nilifungua madaftari ya mvua. Niliipata siku hiyo: kiasi cha mvua, na pembeni maneno yangu mwenyewe, ukuta wa jirani umeanguka. Maneno ya mwenye nyumba hayakuwamo. Sikuyaandika kwa kuwa hayakuwa mvua.

Baraza la wilaya liliongozwa na mwenyekiti mwanamke, mwenye sauti ndogo na subira kubwa. Aliniuliza kama niliwahi kuona fedha zikitoka kwa mama kwenda kwa marehemu. Nikasema sikuwahi. Mwana wa marehemu akaniuliza kama nilimsikia mama akisema kwamba alikuwa mgeni. Nikasema nilimsikia, nikayarudia maneno yote. Muuza kahawa, aliyekuwa ameketi nyuma, alisonya. Ndipo nilipoeleza habari ya ukuta na kutoa daftari.

"Maneno hayo umeyaandika popote?" mwenyekiti aliuliza.

"Sikuyaandika. Niliandika mvua na ukuta. Maneno niliyasikia."

Alilipokea daftari, akalisoma ukurasa ule, akafungua na kurasa nyingine mbili tatu, nadhani kuona mtu huyu ni wa namna gani. Akanirudishia.

Uamuzi ulisomwa wiki chache baadaye, nami nilikuwamo. Baraza liliamini kwamba kodi ilikuwa ikilipwa. Lilisema kwamba maneno ya kwenye hitima ni ya kumheshimu marehemu, hayafuti upangaji. Mama alikuwa mpangaji wa mwezi hadi mwezi, hakupewa notisi, milango ilitolewa kinyume cha sheria, na irudishwe. Mama alinishika kiwiko.

Kwa ukweli wote alioupigania, sheria ilimpa mwezi mmoja. Miaka ile yote, uzazi na misiba, mikeka isiyo na idadi, na mizani ilipotua ilionyesha siku thelathini. Siilaumu mizani. Nimetumia maisha yangu kusoma vyombo vya kupimia na najua kwamba chombo hupima kile tu kilichotengenezewa.

Kilichonichefua ni kile kilichotokea nje. Tukiwa bado kwenye ngazi, mwana wa marehemu, ambaye wakati huo alikuwa ameshapata barua ya usimamizi, alifungua mkoba, akatoa bahasha, akampa mama. Mama hakuwa na miwani, akanipa mimi nimsomee. Ilikuwa notisi ya mwezi mmoja, imepigwa chapa safi, na juu yake imeandikwa: KWA MPANGAJI. Tulikuwa tumetoka ndani hatujamaliza dakika tano. Hakuna mashine ya chapa kwenye ngazi zile. Aliingia na karatasi hiyo mkobani, akaketi, akamsikiliza mwenyekiti akisoma, baada ya miezi mitano ya kuapa kwamba mwanamke huyu hakuwahi kuwa mpangaji.

Nilimuuliza, "Uliiandika lini?"

"Ami, mtu hujiandaa kwa lolote," alisema. Aliniamkia tena kabla hajaondoka. Sikumwitikia. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kukataa shikamoo.

Mama alikaa mwezi wake kamili. Milango ilirudishwa, mmoja ukiwa umepinda. Siku ya mwisho alifagia vyumba vyote viwili na ua, akapakia vitu vyake kwenye gari dogo la mizigo, akasema anakwenda kwa binti yake upande wa Mwera. Mrithi alikuwa ameahidi kuja kupokea ufunguo saa nne. Tulingoja mpaka adhuhuri. Hakuja. Mama akafunga kufuli, akanipa ufunguo mimi, akapanda gari.

Tangu hapo nimeambiwa mengi: kwamba nyumba imenunuliwa na mtu wa Arusha, kwamba patajengwa gesti ya ghorofa, kwamba mama anaumwa, kwamba mama ni mzima na anauza vitumbua kwenye kivuko cha Pangani. Hakuna hata moja ambalo nimeliona. Jana alasiri nilivuka barabara. Kufuli lipo, limeanza kushika kutu. Hakuna fundi aliyekuja tangu siku ile, hakuna tofali lililoshushwa, na hakuna mtu anayelala ndani.